Tulia Alipompita Kelele kwa Kimo

Shule zikikaribia kufunguliwa, mama fundi hana muda hata wa kujikuna. Cherehani yake iko karibu na mlango, pale penye mwanga. Kushoto pana lundo la vitambaa vya bluu. Kulia pana lundo la vitambaa vyeupe. Katikati yupo yeye, tepu ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni. Watoto wa mtaa mzima hupanga foleni mbele yake, na yeye huwapima mmoja mmoja.

"Pumua, mwanangu. Usivute tumbo ndani. Hapa hatupigi picha."

Watoto hucheka. Yeye huandika vipimo kwenye daftari lenye jalada jekundu: mabega, kiuno, kimo. Kimo lazima akiandike. Hataki mzazi arudi baada ya miezi mitatu kulalamika kwamba sketi imepanda juu ya magoti.

Watoto wake mwenyewe huwapima mwisho, wageni wakishaondoka. Ni mapacha. Siku ya kuzaliwa, msichana alitangulia. Alitazama huku na huku, akanyamaza. Bibi yake akampa jina la Tulia. Dakika ishirini baadaye akaja mvulana, akilia hadi mkunga akaomba radhi kwa wagonjwa wa chumba cha pili. Huyo akaitwa Kelele. Majina ya shule wanayo, lakini nyumbani na mtaani hakuna anayeyatumia.

Mwaka huo mapacha walikuwa na miaka kumi na miezi minane. Mama alimpima Kelele kwanza. Sentimita mia moja thelathini na saba. Akampima Tulia. Mia moja arobaini na mbili.

"Umesimama kwa vidole?" aliuliza.

"Hapana, mama."

Aliwasimamisha wawili hao mgongo kwa mgongo. Utosi wa Kelele uliishia katikati ya paji la uso la dada yake. Mwaka uliopita walipishana upana wa kidole tu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage. Aliinua kichwa, akaweka sinia chini.

"Mimi nimesema tangu zamani," alisema. "Watoto wa tumbo moja, chakula cha chungu kimoja, halafu mmoja apae hivi mwingine abaki chini? Huyu msichana anakula fungu la mwenzake."

"Mama, wanakula sawa," alijibu mama fundi. "Nawapakulia mimi mwenyewe."

"Basi ndiyo kosa lenyewe. Mvulana anahitaji zaidi."

Baba aliporudi kutoka kazini alikuta mazungumzo bado ya moto. Yeye ni fundi mwashi, mtu mrefu, mwenye saruji kwenye viatu na mikono mipana kama makoleo. Aliwatazama watoto wake, akakuna kidevu.

"Hata mafundi wenzangu wameanza kunitania," alisema. "Wananiuliza kama yule mfupi ni mdogo wake kwa miaka mingapi."

Kelele aliangalia chini. Tulia alikunja mabega, kana kwamba angeweza kujipunguza.

Uamuzi ulipita siku hiyohiyo. Yai la asubuhi liwe la Kelele. Kipande kikubwa cha samaki kiwe cha Kelele. Maziwa yawe ya Kelele. Tulia apunguziwe kidogo, "ili mwenzake amfikie." Baba alileta pia chupa ya dawa kutoka kwa mchuuzi wa njiani. Kwenye chupa palikuwa na picha ya mtu mrefu aliyesimama kando ya nyumba fupi. Na kila asubuhi Kelele aliamriwa aning'inie kwenye bomba la kuanikia nguo, ahesabu hadi mia, ili mifupa ivutike.

Mama fundi hakupenda. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Alikuwa amelea watoto watano, wote wakawa watu. Wewe mwenye wawili utamwambia nini? Mama fundi akajipa moyo: ni kidogo tu, ni kwa muda tu.

Wiki zikapita. Kelele alining'inia mpaka viganja vikaota sugu. Dawa ya chupa ilimwendesha tumbo, akawa anakimbilia chooni katikati ya somo. Lakini kimo chake kilibaki kinaenda mwendo wake uleule, taratibu.

Tulia hakulalamika. Hilo ndilo lililomfanya mama yake asione haraka. Mtoto akilia, mzazi husikia. Mtoto akinyamaza, mzazi hushukuru. Tulia alisema "nimeshiba" kabla sahani haijafika nusu. Alitembea ameinama, mabega mbele, kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Jioni alisinzia juu ya daftari la hesabu. Bibi akasema amekuwa mvivu. Mama akafikiri ni uchovu wa shule.

Mwezi wa tatu, siku ya michezo shuleni, simu ya mama fundi ililia. Alikuwa anashona zipu.

"Mama Tulia? Mimi mwalimu wa michezo. Usishtuke. Tulia ameanguka wakati wa mbio. Amezinduka, lakini tumempeleka zahanati."

Usishtuke ni neno rahisi kulisema. Mama fundi alitoka mbio na tepu ingali shingoni, kiatu kimoja cha nyumbani na kingine cha kutokea.

Zahanati ilikuwa na muuguzi aliyejulikana na wote kwa jina la Nesi Mizani. Jina hilo alipewa na watoto. Mara mbili kwa mwaka alipita shule kwa shule, mizani kwapani na ubao wa kupimia kimo begani, akiwapima wanafunzi kwa mamia. Hakuchoka wala hakumkaripia mtoto. Na alikuwa na kumbukumbu ya ajabu. Akikutana na mtoto sokoni, humwambia, "Wewe uliongezeka kilo mbili. Hongera."

Mama alimkuta Tulia amelala kitandani, macho wazi, midomo mikavu. Nesi Mizani alikuwa ameshamchoma kidole na kupima damu. Alimsimamisha polepole kwenye mizani, kisha kwenye ubao. Akafungua kitabu chake cha shule.

"Mama Tulia, njoo uone. Muhula ulipoanza nilimpima kilo thelathini na nne. Leo ana thelathini na moja na nusu. Kimo chake kimepanda sentimita mbili. Mwili unarefuka, uzito unashuka. Na damu yake imepungua. Tazama."

Alivuta chini kope ya Tulia kwa kidole. Ndani, mahali panapotakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

"Tulia," alisema Nesi kwa upole, "jana ulikula nini?"

Tulia alimtazama mama yake. "Nilikula, nikashiba."

"Muongo!"

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Ni nani mwingine? Kelele alikuwa amekimbia kutoka shuleni hadi zahanati, jasho likimtiririka, kifua kikipanda na kushuka.

"Hakushiba! Hajashiba siku nyingi! Hata maandazi yake ya mapumziko ananipa mimi. Nikikataa anayaweka kwenye mkoba wangu. Anasema nikirefuka haraka, Bibi atanyamaza, halafu tutapakuliwa sawa kama zamani. Mimi sitaki yai lake! Sijawahi kulitaka!"

Akaanza kulia kwa sauti yote aliyojaliwa. Wagonjwa kwenye benchi wakageuka.

Mama fundi aliketi ukingoni mwa kitanda. Siku zote aliwapima watoto wa watu hadi nusu sentimita, na huyu wake amepungua mbele ya macho yake. Alimkumbatia Tulia, akamvuta na Kelele. Nesi Mizani aliwaacha. Alijua kuna wakati wa kueleza na wakati wa kungoja.

Kisha akavuta kiti.

"Sasa nieleze, mama. Nani alisema Tulia apunguziwe?"

Mama akaeleza yote: vipimo, maneno ya Bibi, chupa, bomba la nguo. Alipotaja kwamba vipimo vya mwaka uliopita viko kwenye daftari lake, Nesi alikaa wima.

"Una vimo vya watoto kwa mwaka mzima?"

"Nina vya miaka sita. Vya watoto wa mtaa wote."

"Mama, wewe ni daktari usiye na koti jeupe! Kesho Jumamosi nakuja kwenu. Nataka kuliona hilo daftari, na nataka kuongea na Bibi."

Kesho yake saa nne asubuhi, Nesi Mizani aliketi sebuleni, miguuni mwake mizani na ubao. Baba alikuwepo. Bibi alikuwepo pia, amejitanda vizuri, uso umekazwa kama ngozi ya ngoma. Alikuwa amejiandaa kwa vita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunifundisha kulea?"

"Nimekuja kujifunza, Bibi. Ninyi ndio mliolea kabla yetu. Naomba nikuulize kitu kimoja. Huyu baba hapa, alirefuka akiwa na umri gani?"

Bibi hakulitegemea swali hilo. Alimtazama mwanawe, na uso ukalegea kidogo.

"Huyu? Huyu alikuwa mfupi kama kigoda! Miaka kumi na mitatu anavaa suruali za mdogo wake. Nilishajua nimezaa mfupi, nikaridhika. Halafu alipotimiza miaka kumi na minne, sijui kitu gani kilimpata. Kila nikinunua viatu, baada ya miezi michache vidole viko nje. Kabla mwaka haujaisha anagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Nilifikiri..."

Akamtazama Kelele. Akamtazama tena mwanawe.

"Ehe," alisema Nesi Mizani taratibu. "Umeshanifundisha, Bibi."

Baba alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Hata Tulia alitabasamu kutoka kwenye mkeka wake.

Nesi akafungua daftari jekundu, akalitandaza mezani.

"Tazameni kazi ya mama huyu. Kwa mwaka mmoja Kelele ameongezeka sentimita tano. Mtoto wa umri huu akiongezeka tano au sita kwa mwaka, anakwenda vizuri. Kelele si mgonjwa. Hana upungufu wowote. Tulia ameongezeka nane. Naye si mgonjwa, wala hajala fungu la mtu. Wasichana wengi huanza kurefuka kwa kasi wakiwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Wavulana wengi hufuata kama miaka miwili baadaye. Kila mwili una wakati wake. Hata mapacha."

"Kwa hiyo Kelele atamfikia?" aliuliza baba.

"Huenda akamfikia, huenda akampita kama wewe ulivyowapita wenzako. Siwezi kukuahidi sentimita. Ninachoweza kukuahidi ni hiki: kumnyima dada hakumwongezei kaka."

Maneno hayo yalitua sebuleni, yakakaa.

"Na wakati wa kurefuka haraka," aliendelea Nesi, "ndio wakati mwili unadai chakula zaidi. Mifupa inajengwa, damu inaongezwa. Baba, wewe ni mwashi. Ukijenga ukuta kwenda juu, unapunguza tofali na saruji?"

"Utaanguka," alisema baba kwa sauti ndogo.

"Na jana ukuta wako ulianguka."

Baba aliinamisha kichwa. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na ile chupa.

"Na hii?"

Nesi aliizungusha mkononi. "Haisemi ndani mna nini. Haisemi nani ametengeneza. Hakuna dawa ya mchuuzi inayomrefusha mtoto mzima wa afya. Hii imemfanya akimbilie chooni tu, na chakula chake kikapotelea huko."

"Na bomba la nguo?" Kelele aliuliza kwa matumaini. Alikuwa ameanza kulipenda.

"Ning'inia upendavyo. Litakupa mikono yenye nguvu. Kimo halitakupa."

Nesi akawaeleza kinachosaidia kweli. Si mambo makubwa. Watoto wote wawili wapate kifungua kinywa kabla ya shule. Kila siku wapate kitu cha kujenga mwili: yai, samaki, maharage, dengu au nyama, kile nyumba inachokimudu. Mboga za majani na matunda visikose, na maziwa yakipatikana ni ya wote. Wapate usingizi wa saa tisa au zaidi kila usiku, na simu na televisheni zizimwe mapema. Wacheze na kukimbia angalau saa moja kwa siku.

"Wote wawili wacheze," alirudia, akiwatazama wakubwa. "Nimesikia Kelele akitoka shule anapiga mpira, na Tulia akitoka anaosha vyombo."

Mama na baba walitazamana.

"Ninaweza kuosha vyombo," alisema Kelele.

"Utavivunja," alisema Tulia. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi hiyo, na nyumba nzima ilicheka.

Nesi akamgeukia. "Na wewe, binti yangu. Kwa nini unatembea umeinama?"

Tulia alikwaruza mkeka kwa kucha. "Shuleni wananiita mnara."

"Unajua mimi nilikuwa mrefu kuliko wavulana wote wa darasa letu? Nilijikunja miaka miwili mpaka mgongo ukauma. Mwili wako haujafanya kosa lolote, Tulia. Unafanya kazi kubwa. Na mabadiliko mengine yatakuja. Mama yako atakueleza kabla hayajafika, ili usiogope. Sivyo, mama?"

"Ndivyo," alisema mama fundi. Akajua moyoni kwamba ahadi hiyo ni yake kuitimiza.

Sasa Bibi akainuka. Alikwenda hadi kwenye mkeka, akapiga magoti kwa shida, mkono mmoja ukutani.

"Mjukuu wangu," alisema, "nimekukosea. Nilidhani nampenda kaka yako, kumbe nilikuwa nakuumiza wewe. Nisamehe."

Mama fundi alikuwa ameishi na mama mkwe huyo miaka kumi na miwili. Alishamheshimu kwa mapishi yake, kwa utani wake na kwa jinsi alivyobeba ujane bila kulalamika. Lakini hakuwahi kumheshimu kama dakika ile. Si kila mtu mzima anaweza kupiga magoti mbele ya mtoto.

Tulia alimshika Bibi mikono. "Inuka, Bibi. Magoti yako."

Kuanzia siku ile mama fundi alipakua sahani mbili sawa, na Tulia akiomba nyongeza alipewa. Tulia alimeza vidonge vya kuongeza damu kama Nesi alivyoagiza, na mama alimrudisha zahanati kila mwezi. Mwezi wa kwanza alipata kilo moja. Mwezi wa pili alirudi uwanjani. Mwezi wa sita alikuwa na sentimita mia moja arobaini na sita, kilo thelathini na sita, na kope nyekundu kama inavyotakiwa. Akatembea wima. Kelele alikuwa na mia moja arobaini kamili, tumbo limetulia. Alikuwa amevunja sahani nne na kikombe kimoja.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi. Nesi Mizani aliombwa azungumze juu ya ukuaji wa watoto. Alieleza vizuri, wazazi wakatikisa vichwa. Alipouliza kama kuna mwenye la kusema, wazazi wakaanza kutafuta mikoba yao. Mama fundi alitamani kusimama, akasita.

Bibi akasimama.

"Mimi ndiye niliyemnyima mjukuu wangu chakula kwa sababu alikuwa mrefu," alisema, bila kuzungukazunguka. "Nililea watano, nikadhani najua kila kitu. Mtoto alianguka. Kama huyu nesi asingekuwepo, sijui leo ningekuwa nasema nini hapa. Msiwalinganishe watoto wenu kwa macho. Wapimeni. Aliyepungua uzito, apelekwe. Aliyekaa mwaka mzima na nguo zilezile zikimtosha, apelekwe. Wanaokwenda vizuri, waacheni wakue kwa wakati wao. Na wote wapeni chakula. Nimemaliza."

Watu walikuwa wanamtazama tu bibi yule mdogo wa umbo aliyejisema hadharani. Kisha mwanamume mmoja nyuma ya ukumbi, dereva wa lori, akainua mkono nusu.

"Bibi, samahani. Wangu ana miaka minane. Viatu vya mwaka juzi bado vinamtosha. Nilikuwa nafurahi, nasema huyu mtoto hana gharama."

"Kesho asubuhi," alisema Bibi. "Zahanati. Usingoje keshokutwa."

"Hata sijui pa kuanzia, Bibi. Nitamwambia nani?"

"Wewe njoo."

Kesho yake, saa mbili kasorobo, dereva wa lori alifika zahanati akimshika binti yake mkono. Benchi lilikuwa limejaa. Alisimama mlangoni akisita, kofia mkononi, kama mtu anayetaka kurudi alikotoka.

Mbele kabisa, kando ya mlango wa Nesi Mizani, Bibi alikuwa ameketi tangu zahanati ilipofunguliwa. Alivuta khanga yake iliyotandazwa juu ya benchi, nafasi ya watu wawili ikabaki wazi.

"Njooni," alisema. "Niliwawekea."